Mzee Pasi na Pigo la Pili

Mzee Pasi alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia akiwa amesimama. Dobi haketi. Ukiketi, alizoea kusema, mkono unakuwa mvivu na mstari wa suruali unakwenda kombo kama njia ya mlevi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi saa na muuza madaftari. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, ndoo ya kanji, redio iliyoshika stesheni moja tu, na bomba la chuma lililotoka ukuta hadi ukuta, limelalia ndoano mbili, limebeba nguo za watu wa kila namna. Kila nguo ilibanwa kipande cha kitambaa chenye namba, na mwenye nguo alipewa kipande kama hicho.

Watu aliwajua kwa nguo zao. Alijua nani ameanza kuota kitambi kabla mwenye kitambi hajakubali. Alijua nani ameacha kuvuta sigara na nani anadanganya kwamba ameacha. Kituo cha polisi kilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na askari wengi walimletea sare zao. Mmoja wao, konstebo kijana mwenye shingo nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa, Mzee Pasi alimpachika jina Kola Ndogo, na mwenyewe alilisikia akacheka. Kwa ufupi, Mzee Pasi hakuwa na adui. Ugomvi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa na nzi wanaotua kwenye mashati meupe.

Basi ikawa Jumanne moja, jua liko utosini, akaingia dereva wa lori mmoja, mtu wa miraba minne, anahema kama aliyekuja mbio.

"Koti langu, mzee. Haraka. Saa nane nina usaili wa kazi."

Mzee Pasi aliangalia bomba, akaangalia daftari. "Koti lako limekwisha chukuliwa, mwanangu. Tangu juzi."

"Limechukuliwa na nani?"

"Kijana mmoja mrefu. Alikuja na namba yako."

"Mimi ndiye mwenye namba!" Dereva alijipapasa mifuko yote, wa shati, wa suruali, wa nyuma, na kila mfuko ulivyotoka mtupu ndivyo sauti yake ilivyopanda. "Umeliuza! Sema tu umeliuza!"

"Kijana wangu, mimi na uzee huu niuze koti la mtu? Hebu tulia, twende tukaulize nyumbani kwako nani..."

Hakumaliza. Dereva alishika lile bomba kwa mikono miwili, akaling'oa kwenye ndoano. Nguo zote zikashuka sakafuni kama watu waliozimia kwa pamoja. Bomba lilizunguka likamkuta Mzee Pasi kwenye bega la kushoto, na bega likalia kwa ndani. Akayumba mpaka mezani. Alipogeuka alimwona dereva amelinyanyua tena, safari hii juu, usawa wa kichwa.

Mkono wa kulia wa Mzee Pasi ulikuwa umeshika pasi. Ilikuwa pasi nzito ya umeme ya kizamani, ya chuma kitupu. Aliirusha mbele pamoja na mkono wake wote, ikampata dereva kwenye kigasha. Bomba likaanguka. Dereva akapiga magoti kati ya mashati na magauni, ameukumbatia mkono wake, uso umempauka.

"Basi, mzee," akasema. "Basi."

Mzee Pasi alimsikia. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi. Alimsikia vizuri kabisa, kama unavyosikia mtu anayekunong'oneza sikioni. Halafu akampiga tena, upande wa kichwa, juu ya sikio.

Fundi saa aliingia wakati dereva analala chini. Alimkuta jirani yake anafanya mambo mawili ambayo baadaye aliyasimulia kila mahali: kwanza aliirudisha pasi kwenye kikalio chake na kuchomoa waya ukutani, kama afanyavyo kila siku anapofunga duka; kisha akapiga magoti, akachukua foronya safi na kulikandamiza sikio la dereva lililokuwa likitoka damu. Alikuwa akirudiarudia, "Mwanangu, mwanangu, usilale."

Mtu alikuwa amekimbilia kituoni. Haikupita muda akaingia Kola Ndogo, kirungu mkononi, macho yamemtoka pima.

"Ondoka hapo! Mikono juu!"

Mzee Pasi aliinua mikono, foronya yenye damu ikiwa bado imemganda kwenye vidole. Kirungu kikampata mbavuni. Akaanguka kifudifudi.

"Afande, amekwisha nyoosha mikono!" fundi saa alipiga kelele. "Amekwisha lala!"

Kirungu kikashuka tena, mara ya pili, palepale mbavuni.

Dereva alipelekwa hospitali akiwa hai. Mzee Pasi alipelekwa kituoni akiwa na pingu, akipita mbele ya watu waliovaa nguo alizozipiga pasi yeye mwenyewe.

Pale kaunta alikuwapo koplo mmoja mwanamke, mtu mzima, mpole wa maneno lakini haburuzwi. Alimtazama mzee jinsi alivyosimama amejikunja upande mmoja, akaamuru pingu zitolewe na kwanza apelekwe kutibiwa, maelezo baadaye. Daktari alikuta bega limevimba na mbavu mbili zimepata ufa. Koplo alipoisoma karatasi ya daktari alinyanyua macho.

"Bega najua, ni bomba. Mbavu je?"

"Nilianguka, afande."

"Ulianguka juu ya nini?"

"Sakafu."

Koplo aliandika kitu kidogo pembeni ya karatasi, akamwambia aende nyumbani kwa dhamana ya binti yake, arudi kesho kutwa asubuhi kutoa maelezo kamili.

Binti yake alikuwa karani wa shule, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na akili nyepesi zaidi. Mama yake alikuwa amefariki zamani, na tangu hapo wawili hao walikuwa wakiishi pamoja na kubishana kuhusu kila kitu, kuanzia chumvi hadi siasa. Siku ile hakukuwa na utani. Alimfunga baba yake bandeji, akamnywesha chai, kisha akaketi mbele yake.

"Baba, nisikilize. Nimetoka hospitali. Yule dereva amezinduka, ataishi. Lakini hakumbuki kitu. Anakumbuka bomba tu, basi. Na fundi saa aliingia mambo yamekwisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sema ulijilinda. Alikupiga, alitaka kukupiga tena, ukamzuia. Yote yalitokea kama umeme, hukuhesabu. Nani atabisha? Halafu yule Kola Ndogo wako ndiye wa kumsema mpaka dunia nzima isikie. Amekuvunja mbavu ukiwa umelala, fundi saa ameona!"

Mzee Pasi alikizungusha kikombe mkononi. "Na koti?"

Binti alishusha pumzi. "Koti lilichukuliwa na mdogo wake. Aliiona namba mezani, akaona amfanyie kaka yake wema. Limetundikwa chumbani kwake. Leo hospitali alikuwa analia kama mtoto."

Mzee aliweka kikombe chini. Koti lilikuwa limetundikwa chumbani, limenyooshwa vizuri, likisubiri mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "alisema basi."

"Nani?"

"Dereva. Alipiga magoti akasema basi. Ndipo nikampiga la pili."

Binti akasema polepole, "Hilo hukuniambia. Na mimi sikulisikia."

"Sasa mimi nitafungua vipi kinywa changu kumsema Kola Ndogo? Alinikuta chini akanipiga. Na mimi nilimkuta mtu chini nikampiga. Mimi na yule kijana tumefanya jambo moja."

"Hamkufanya jambo moja!" Binti alisimama. "Wewe ulikuwa umeumizwa bega, huna hata dakika ya kufikiri. Yeye amefundishwa miezi, amepewa kirungu na kitabu cha sheria, analipwa kila mwezi ili ajizuie wakati sisi tumeshindwa kujizuia. Kama na yeye atapiga kama sisi, ya nini basi sare? Na wewe unampigia pasi!"

Hapo mzee nusura acheke, lakini mbavu zilimkataza.

Usiku ule na usiku uliofuata aligeuka ubavu huu na ule, kila ubavu una kesi yake. Alijaribu kujiambia kwamba alipiga la pili kwa woga. Lilikuwa neno zuri, neno la kumsitiri mtu. Lakini kila alipolivaa halikumkaa. Woga ulikuwapo bomba lilipokuwa hewani. Lilipoanguka, woga nao ulianguka. Kilichobaki mkononi kilikuwa kitu kingine, na yeye ndiye pekee aliyekijua.

Asubuhi ya siku aliyopangiwa alijikaza kisabuni, akavaa shati lake jeupe, akaenda. Koplo alimpeleka chumba cha nyuma chenye meza, viti viwili na kabati la chuma lililojaa mafaili. Alimweleza haki zake: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba anaweza kumngojea wakili. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Afande, kabla sijasema, nieleze jambo moja. Mtu akinijia na bomba, sheria inaniruhusu nini?"

Koplo aliweka kalamu chini. "Inakuruhusu kujilinda, mzee wangu. Si lazima ukimbie uliache duka lako. Si lazima upime nguvu kwa mizani ukiwa unavunjwa bega, hakuna hakimu mwenye akili atakayekudai hivyo. Ila nguvu yako ilingane na hatari iliyo mbele yako. Hatari ikiwapo, una haki ya kuizima. Ikishazimika, na haki yako inazimika palepale."

"Palepale?"

"Palepale."

"Na moyo, afande? Moyo nao unazimika palepale?"

Koplo alimtazama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na pengine hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa namna hiyo. "Hapana," akasema. "Moyo unachelewa. Ndiyo maana kuna mahakimu, na ndiyo maana hakimu naye anaruhusiwa kuwa na huruma."

Basi Mzee Pasi akatoa la moyoni. Alieleza bomba, bega, pigo la kwanza. Akaeleza magoti na lile neno. Koplo aliandika bila kunyanyua kichwa, na alipofika hapo kalamu yake ilisimama kidogo.

"Ulimsikia waziwazi?"

"Waziwazi."

"Ulikuwa bado unaogopa?"

"Hapana. Nilikuwa nimekwisha kuogopa. Nilikuwa na hasira kwamba aliniogopesha. Ndani ya duka langu mwenyewe, na nguo za watu chini." Alifuta uso kwa kiganja. "Ndivyo ilivyokuwa. Andika."

Koplo aliandika. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika kichwa cha habari juu yake, akaugeuzia kwa mzee asome. Ulikuwa ukurasa wa malalamiko dhidi ya askari.

"Sasa niambie habari ya mbavu. Fundi saa amekwisha nieleza aliyoyaona."

"Afande, mimi sina mdomo wa kulalamika. Umeyasikia yangu."

"Nimeyasikia. Yako ni yako, utayajibu. Lakini kukosa kwako hakukumpa mtu mwingine ruhusa ya kuvunja mbavu zako. Mimi nimevaa sare hii miaka mingi kuliko umri wa yule kijana. Sheria niliyokusomea ndiyo hiyohiyo inayotubana na sisi, na sisi inatubana zaidi. Ukinyamaza leo, kesho atamkuta mtu mwingine chini. Na huyo huenda hatakuwa na jirani mwenye macho."

Mzee Pasi alikuwa amekuja kufunga hesabu moja ya nafsi yake, akakuta amefunguliwa nyingine. Nje mtu alikuwa akigombana na askari wa kaunta kuhusu baiskeli iliyopotea. Mwishowe alisema, "Andika na hilo," akaeleza: mikono juu, kirungu cha kwanza, kuanguka, kirungu cha pili. Hakuongeza wala kupunguza.

Habari zilipofika mtaani, watu waligawanyika. Wengine walisema Mzee Pasi ni mtu wa kweli. Wengi zaidi walisema amerukwa na akili: mtu unafunguliwa mlango, wewe unarudi ndani kujifungia. Muuza madaftari alimwambia usoni, "Jirani, ukweli nao una kiasi chake. Wewe umemimina ndoo nzima." Binti yake hakumsemesha kwa siku nne, isipokuwa kumuuliza kama amekunywa dawa.

Shauri la Kola Ndogo lilisikilizwa kwanza, katika ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya, chumba chenye kapeti na saa ya ukutani ambayo fundi saa, aliyeitwa kuwa shahidi, aligundua mara moja kwamba imechelewa dakika kumi na moja. Kijana alisimama wima na kusema kwamba mtuhumiwa alikaidi amri na alikuwa na silaha. Fundi saa akasema hapana: pasi ilikuwa kwenye kikalio, waya umechomolewa, na mikono ya mzee ilikuwa juu. "Mimi kazi yangu ni kuona vitu vidogo," akasema. "Mikono ya mtu si kitu kidogo."

Mkuu alimgeukia kijana. "Pigo la kwanza, tuseme ulikuta damu, hujui kilichopo, umetaharuki. Nieleze la pili."

Kola Ndogo alijibu, "Nilidhani ameua, mkuu. Yule mzee ndiye... mimi namfahamu. Niliona damu mikononi mwake nikashikwa na hasira."

Mzee Pasi aliinamisha kichwa. Alitegemea kufurahi, au walau kupata nafuu. Alichopata kilikuwa uzito tu, kama nguo iliyotoka majini.

Konstebo alisimamishwa kazi miezi mitatu, akarudishwa chuoni kufundishwa upya matumizi ya nguvu, na jambo likaingia kwenye faili lake. Binti aliona ni adhabu ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Koplo alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kuona hata kiasi hicho. Kijana mwenyewe hakumsalimu tena Mzee Pasi. Aliporudi kazini alikuwa anajipigia pasi mwenyewe, na kila alipopita mbele ya duka mzee aliona mistari miwili kwenye mguu mmoja wa suruali, akaumia kitaaluma, akanyamaza.

Kesi ya mzee ilikwenda mahakamani baada ya wiki saba. Hakimu alisoma maelezo yote kwa sauti, hata lile neno. Alisema pigo la kwanza lilikuwa halali bila shaka yoyote, na mtu yeyote mahali pale angeweza kulipiga. Pigo la pili lilimpata mtu aliyekwisha salimu amri, likamharibia sikio. Alisema pia kwamba asingelijua pigo hilo kama mshtakiwa mwenyewe asingelileta mbele yake, na kwamba mahakama haiwezi kumfanya mkweli ajutie ukweli wake, wala haiwezi kujifanya haikuusikia. Akamhukumu kuitumikia jamii miezi minne, kufagia uwanja wa kituo cha afya kila asubuhi.

Mzee alifagia. Wiki ya pili muuguzi mkuu aligundua ni nani, akamwambia aache ufagio aje ndani apige pasi mashuka, kuna mlima wa mashuka. Mzee alikataa.

"Hakimu alisema ufagio, dada."

"Lakini mzee, kufagia anaweza kila mtu."

"Ndiyo maana ni adhabu."

Siku moja alipokuwa akikusanya majani karibu na lango, dereva alitoka ndani, alikuwa amekuja kuangaliwa sikio. Walionana, hakuna aliyeweza kujifanya hakumwona mwenzake. Mzee alisema kitu, dereva akakunja uso, hakusikia. Mzee akatambua, akazunguka akaenda upande wake wa kulia.

"Nasema, unaendeleaje, mwanangu?"

"Niko. La kushoto limekwisha kabisa, daktari anasema."

"Nisamehe."

Dereva alitazama barabarani. "Ile kazi walimpa mtu mwingine. Siku ileile." Kisha akaongeza, "Walinisomea uliyosema. Kwamba nilisema basi. Mimi sikumbuki. Najaribu kukumbuka, sipati kitu."

"Mimi ninakumbuka."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama hapa nakusikiliza." Alijikuna kidevu. "La kwanza nilistahili, mzee. Lile hata mimi ningekupiga. La pili bado sijui nilifanyeje."

"Na mimi sijui," Mzee Pasi akasema.

Walisimama pale kidogo, mmoja na ufagio, mwingine na karatasi ya daktari. Dereva akamwuliza bega limekaaje, mzee akasema linauma wakati wa baridi tu. Kisha dereva akaaga kwa kuinua mkono, akaenda zake.

Sasa Mzee Pasi amerudi dukani kwake. Binti amekwisha mrudia na ubishi wake wa kila siku. Bomba lipo ukutani kama zamani, nguo zimejaa, redio ni ileile. Dereva wakikutana wanasalimiana, naye mzee huzunguka upande wa kulia kwanza ndipo aseme. Lakini nguo zake dereva anazipeleka kwa dobi wa mtaa wa pili, na Mzee Pasi hamlaumu.